Kuhusu mwenzako mwenye smashi laini

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kama umwache mwenzako wa badminton, mpira wa vinyoya, wa wawili kwa wawili, utafute mwingine, kwa kuwa smashi zake, yale mapigo makali ya kushusha, ni laini na nyuma ya uwanja hakuna wa kumaliza pointi. Kila nikianza kukujibu, namfikia Hendra Setiawan, mchezaji wa Indonesia. Najua mmechoka kumsikia hapa nyumbani. Nivumilie tena.

Agosti 2008, fainali ya Olimpiki ya Beijing. Hendra na Markis Kido wa Indonesia dhidi ya Cai Yun na Fu Haifeng, Wachina wakiwa kwao. Smashi ya Fu ilikuwa radi. Seti ya kwanza wenyeji wakachukua 21-12. Kisha wale vijana wawili wakageuza meza, 21-11, 21-16, dhahabu ikaenda Indonesia. Hadi leo nikiitaja fainali hiyo mwili hunisisimka. Kido, mfupi wa kimo, aliruka na kupiga kutoka nyuma. Hendra alikaa wavuni, uso umetulia, akimtengenezea.

Nimesema na nitasema tena: mchezo wa wawili huamuliwa na mapigo matatu ya kwanza. Smashi huja kuvuna tu. Kwa hiyo nianze na wewe. Kanuni inataka ukianzisha pointi, yaani servisi, kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni, na wavu katikati una mita 1.524. Lazima kipande juu, basi. Swali ni kinafika kileleni wapi. Kikifika kileleni upande wako, kinavuka wavu kikishuka, na mpokeaji analazimika kukiinua. Kikiwa bado kinapanda baada ya wavu, anakupigia usoni. Kosa karibu kila mara ni kifundo cha mkono kuchapa badala ya kidole gumba kusukuma. Funga kamba sentimita 15 juu ya wavu, upitishe vinyoya 50 katikati kila siku.

Ukishaanzisha, raketi juu, mbele ya kifua, mkono umepanda mpini. Simama nyuma kidogo ya mstari mfupi, ule wa servisi ulio karibu na wavu. Ukibana wavuni, pigo lolote la bapa linakupita kabla hujageuza raketi. Pale mbele usivute mkono nyuma, gusa tu. Anayevuta huchelewa, au hukipiga wavuni.

Kinyoya hupoteza kasi upesi mno. Mwenzako akipiga akiwa kwenye mstari wa mwisho, hata mwenye nguvu ataonekana laini. Je, anapata vinyoya vya kupigia katikati ya uwanja, au vile ulivyoshindwa kuvizuia mbele?

Lakini ngoja, nijipinge. Hendra huyo huyo alibadilisha mwenza. Mwishoni mwa 2012 waliachana na Kido, akashikana na Mohammad Ahsan, mpiga smashi hasa, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa dunia. Wakarudia 2015 na 2019. Nani atasema alikosea? Ila wao nao walitolewa hatua ya makundi kwenye Olimpiki ya Rio 2016, wakatengana, Hendra akacheza na Tan Boon Heong wa Malaysia, kisha akamrudia Ahsan. Nguvu ya Ahsan ilikuwa ile ile kabla na baada. Unaona ninavyozunguka.

Kinachoniuma ni Kido. Alifariki Juni 2021, akiwa na miaka 36, alianguka akicheza vinyoya. Majuma machache baadaye Hendra akawa kwenye Olimpiki ya Tokyo na Ahsan, wakashinda seti ya kwanza ya mechi ya shaba, wakapoteza mbili zilizofuata. Akaendelea kucheza hadi Januari 2025, akastaafu na miaka 40, siku moja na Ahsan.

Jibu la swali lako ninalo, na kulizuia kunanitesa. Lakini kwanza, mechi tatu zijazo, mtu akuhesabie: ukianzisha wewe, mara ngapi wapinzani wanalazimika kuinua kinyoya? Niandikie namba hiyo.

Mzazi wako