Jibu: Funga hiyo filamu kwanza

Wewe wa Njoro uliyeniandikia kuhusu kozi ya mtandaoni ya hadithi za kubuni za kisayansi, simama hapo hapo. Umeuliza kuhusu tableti, cheti, na saa za kusoma kwa wiki, hayo tutayarudia siku nyingine. Lakini katikati umetupia kwamba umelipia "noti kamili" kwenye kikundi cha Telegramu, na kwamba wikendi hii utamaliza riwaya za Frankenstein na The Time Machine kwa kutazama filamu, kwa sababu "hadithi ni ile ile". Nani kakuambia? Hata jina la mhusika mkuu si lile lile!

Filamu ya Frankenstein ya 1931 inamwita mwanasayansi Henry. Mary Shelley, aliyeandika riwaya yenyewe, alimwita Victor. Yule msaidizi mwenye kibiongo, ubongo wa mhalifu ulioibwa, mitambo inayonasa radi: vyote vimetoka kwenye filamu. Kitabuni Victor anafanya kazi peke yake mjini Ingolstadt, na namna kiumbe chake kinavyopata uhai haifafanuliwi, inatajwa cheche tu basi. Na hilo zimwi linalonguruma kwenye skrini, kitabuni linajifunza lugha kwa kuichungulia familia ya De Lacey, linasoma Paradise Lost, utenzi wa Milton, kisha linajitetea sura baada ya sura kuliko mawakili wote wa Nakuru. Ukiandika insha kwamba "kiumbe hakina sauti", kila msomaji atajua ulikuwa kwenye kochi.

The Time Machine ni vivyo hivyo. Filamu ya 1960 inampa msafiri jina la George, inamwacha hai Weena, rafiki anayempata huko mbele, na Waeloi, wale watu dhaifu wa zama zijazo, wanainuka kupigana. Katika kitabu cha H. G. Wells cha 1895 msafiri hana jina, Weena anapotea usiku wa moto msituni, na Waeloi hawapigani na mtu. Kuna pia ile sehemu ya pwani yenye kaa wakubwa na jua jekundu linalofifia, mamilioni ya miaka mbele. Mwalimu yeyote makini ataiuliza. Filamu hiyo haina kabisa.

Sasa hao wauza noti. Nawajua, M-Pesa yangu wameionja pia. Wanachanganya filamu tatu na muhtasari wa mtandaoni, wanabandika jalada la rangi, wanakuuzia. Noti hizo hizo wamewauzia wenzako hamsini, kwa hiyo programu ya kukagua insha zinazofanana inawanasa wote kwa mpigo. Kisha ukilalamika, wanakutoa kwenye kikundi. Wateja wao wangekuwa wanasoma vitabu, wauzaji hao wangelala njaa siku ile ile.

Kanuni ni moja: soma maandishi yenyewe, kwa toleo lile lile lililo kwenye silabasi, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nimesema toleo, sikusema kitabu tu, maana hata wanaosoma huanguka hapo. Frankenstein ina matoleo mawili makuu. La 1818 lilitoka kwa juzuu 3, na hesabu ya sura inaanza upya kila juzuu: 7, 9, kisha 7. La 1831 limepangwa mfululizo, sura 24. Usiku ule wa Novemba kiumbe kinapofungua jicho ni sura ya 5 katika toleo la 1831, lakini katika la 1818 ni juzuu ya kwanza, sura ya 4. Ukinukuu "sura ya 5" huku darasa likitumia la 1818, anayekusahihisha ataenda kutafuta na hataona kitu.

Na tofauti haiko kwenye namba peke yake. Katika la 1818 Elizabeth ni binamu yake Victor. Katika la 1831 ni yatima aliyepatikana karibu na ziwa Como. La pili pia linamwonyesha Victor kama mtu anayesukumwa zaidi na majaliwa. Kwa hiyo hoja ya "alichagua mwenyewe" ina nguvu kwenye toleo moja na inayumba kwenye lingine. Ukishapakua, kagua vitu viwili: je, sura zinaanza upya, na Elizabeth ni nani? Dakika tano tu. Project Gutenberg, tovuti ya vitabu visivyo na hakimiliki, wana matoleo yote mawili, bure. Jules Verne, aliyeandika kwa Kifaransa, naye aangaliwe: tafsiri ya zamani ya Kiingereza ya riwaya yake Twenty Thousand Leagues Under the Sea, ile ya Mercier ya miaka ya 1870, ilikata karibu robo ya kitabu, na bado inazunguka mtandaoni kwa sababu haina hakimiliki.

Usiniambie bando. Frankenstein nzima bila picha haifiki megabaiti moja. Hiyo filamu yako inakula mamia. Stima ikipotea, simu ikiwa na chaji kitabu bado unacho.

Filamu ni halali pale tu yenyewe ndiyo maandishi ya kozi. Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, 2009, ni mfano. Hiyo itazame mara mbili, uandike dakika ya kila tukio unalonukuu.

Insha za kozi hizi huwa fupi. Ile ya Eric Rabkin wa University of Michigan kwenye Coursera, 2012, ilitaka maneno 270 hadi 320. Hapo hakuna nafasi ya kusimulia kitabu kwa watu waliokwisha kukisoma. Hoja moja, nukuu mbili fupi zenye sura, basi. Ukikosa hoja, tumia swali la Darko Suvin, mhakiki wa hadithi za kisayansi: ni kitu gani kipya kimeingizwa ambacho ukikiondoa hadithi yote inabomoka? Anza kuandika kutoka hapo.

Saa ya mwisho ya kutuma, angalia ni ya nchi gani. Saa sita kasoro dakika moja usiku ya New York, kwetu ni asubuhi inayofuata, saa mbili kasoro dakika moja, au saa moja kasoro dakika moja wanaposogeza saa zao msimu wa joto. Na hao wa Telegramu waandikie leo wakurudishie pesa, kabla hawajakutoa.