Mtoto kiziwi kwenye kipindi cha muziki

Mwalimu mwenzangu wa Moshi, umeuliza umfanyie nini binti wa darasa la nne asiyesikia, maana kipindi cha kuimba kikifika hutumwa ofisini kuchukua chaki. Hilo la chaki liishe leo.

Anza na ngoma. Kiziwi huupata mdundo kwa mwili: avue viatu, akae kwenye benchi la mbao lililogusana na ngoma, kiganja kikiwa ubavuni mwa ngoma hiyo. Mtetemo wa sauti nene ndio anaoupata vizuri. Filimbi haitamsaidia sana. Sakafu ya saruji haitetemeki kama mbao, ndiyo maana nasisitiza benchi. Evelyn Glennie wa Uskoti alipoteza usikivu akiwa na miaka 12 hivi, na amekuwa mpiga ngoma wa kimataifa, mara nyingi akipiga pekupeku.

Wewe simama mbele yake, uhesabu kwa vidole. Ishara ya kuanza na ya kukata iwe kubwa, darasa zima liifuate. Wimbo nao ufundishe kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, mistari miwili tu kwanza, na kama anaijua, yeye ndiye awasahihishe wenzake mikono. (Watoto watalipenda hili kuliko solfa, yaani do-re-mi, usishangae.)

Yule mtoto mwingine, mwenye usonji, uliyesema huziba masikio, mkalishe karibu na mlango, mwonyeshe ngoma kabla haijapigwa, na akitaka kutoka atoke.

Kuhusu bajeti, dumu tupu la lita 20 linatosha kuwa ngoma ya kuanzia.