Muulize Fundi: Pedi ya Ndani Imekwisha, ya Nje Bado Nene

Shikamoo fundi. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua stesheni wagoni iliyotumika. Sasa ina kilomita 180,000. Tuna watoto watatu na mama mkwe, kwa hiyo gari hujaa kila tunapotoka, na nyuma hakukosi mizigo. Pedi za mbele zimeshabadilishwa mara mbili, na sasa tairi la kulia limeanza tena kulia chuma kwa chuma. Fundi wetu anataka tubadilishe kila kitu kwenye matairi yote manne: pedi, diski na kalipa. Hesabu aliyotuandikia imetutisha, na mume wangu anasema tuliuze. Je, gari la familia likifika umri huu, ndivyo breki zake zinavyokula pesa? Mama wa Watatu.

Marahaba, mama. Msiliuze kwanza, na hesabu hiyo msiilipe kabla hamjaziona pedi kwa macho yenu. Mwambieni fundi afungue tairi la mbele kulia, atoe pedi zote mbili na kuzipanga sakafuni, ya ndani huku, ya nje kule. Kisha afanye vivyo hivyo kushoto. Pedi nne zikiwekwa pamoja zitawaambia mengi kuliko karatasi ya hesabu.

Pedi mpya ya mbele kwa kawaida huwa na nyama, yaani sehemu inayosugua diski, ya milimita 10 hadi 12. Ikibaki milimita 3, badilisha. Kelele mnayoisikia huenda ni ya kibati kidogo kilichofungwa kwenye pedi makusudi ili kiguse diski nyama inapokaribia kwisha. Lakini kama ni mkwaruzo mzito, basi nyama imekwisha kabisa na diski inachimbwa. Gari hilo lisitembee tena mpaka lifunguliwe.

Sasa tazameni vizuri. Mkikuta kwamba ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, ugonjwa hauko kwenye pedi. Kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, kwenye magari mengi ya aina yenu ina pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha mwili wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitelezi tena, na pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili. Au mpira wa vumbi wa pistoni umepasuka, maji yameingia, pistoni imeshika kutu na hairudi vizuri unapoachia. Pedi inabaki imelala kwenye diski safari nzima. Katika hali hizo mnaweza kununua pedi za bei kubwa kuliko zote dukani, na bado zitakwisha mapema.

Zikiwa zimekwisha zote mbili za kulia huku za kushoto zikiwa nzima, mkague pia mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Ukizeeka huvimba kwa ndani: mafuta yanapita ukikanyaga kwa nguvu, lakini yanarudi kwa shida. Kwa nje unaweza kuonekana hauna kasoro yoyote.

Kuna kipimo mnachoweza kufanya wenyewe. Mkitoka safari ambayo hamkukanyaga breki sana, karibisheni kiganja kwenye rimu bila kuigusa, kulia kisha kushoto. Joto likizidi wazi upande mmoja, hapo pana breki isiyoachia. Inakula pedi, inakula diski, na inakula petroli pia.

Ndiyo maana nasema hesabu ile isubiri. Kusafisha pini, kuzitia grisi na kuweka mipira mipya ya pistoni ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kalipa nzima. Kalipa ibadilishwe pale tu pistoni au tundu lake limelika kwa kutu. Grisi nayo iwe ya silikoni, iliyotengenezwa kwa ajili ya pini za breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira, na baada ya muda pini zinakwama upya. Hapa kazi nyingi nzuri huharibiwa na kitu kidogo.

Diski zisihukumiwe kwa kuangaliwa tu. Kwenye magari mengi, diski imechongwa herufi MIN TH na namba ya milimita: huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Fundi apime kwa maikromita mbele yenu. Kama iko juu ya namba hiyo, haina ufa wala mifereji mirefu, ina kazi bado. Ikibidi kubadilisha, badilisheni ya kulia na ya kushoto pamoja, na pedi vilevile.

Umeuliza kama gari la familia linakula breki. Uzito unachangia, na mwendo unachangia zaidi. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 580, na kulisimamisha ni kuigeuza karibu yote kuwa joto kwenye breki. Jazeni watu na mizigo mpaka kilo 2,000, inafika kama 770. Ongezeni mwendo kutoka 100 hadi 120, nishati inapanda kwa asilimia 44 bila kuongeza hata mfuko mmoja. Na kwa kuwa uzito hukimbilia mbele gari linapofunga breki, pedi za mbele kwisha kabla ya za nyuma ni jambo la kawaida. Kwa hiyo matairi yote manne kuchoka kwa pamoja ni dai linalohitaji kipimo.

Nyuma, hata hivyo, kuna kitu ambacho mafundi wengi hawakigusi. Stesheni wagoni nyingi za zamani zina vali yenye mkono na springi, imefungwa karibu na ekseli ya nyuma. Gari likipakiwa, mkono unasogea na vali inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ikiganda kwa kutu ikiwa imebana, breki za mbele zinabebeshwa mzigo mkubwa zaidi, hasa katika safari kama zenu. Mwambieni aitazame. Magari ya karibuni yanafanya kazi hiyo kwa kompyuta ya breki.

Nitamuunga mkono baba watoto kwa sharti moja: gari likiinuliwa, mkute chasisi imeoza na mabomba ya chuma ya breki yameliwa na kutu. Hapo pesa ya matengenezo haitakuwa na mwisho. Lakini pini iliyokauka si sababu ya kuuza gari linalowatosha wote.

Fundi, mafuta ya breki yanashuka polepole lakini sioni yanapovuja. Niendelee kuongeza?

Usiongeze kabla ya kukagua pedi. Pedi zinavyopungua, pistoni zinatoka nje zaidi na mafuta yanazifuata, kwa hiyo kushuka taratibu kunakuonyesha kwamba pedi zinakwisha. Ukijaza leo, siku ya kuweka pedi mpya pistoni zitarudishwa ndani, mafuta yatafurika na kubabua rangi ya gari. Yakishuka kwa haraka, tafuta uvujaji, na usisahau ndani ya dramu za nyuma.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni umri wa mafuta yenyewe. Yananyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa. DOT ni daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha kipimo, kiwango kinashuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Kwenye mteremko mrefu na gari limejaa, mafuta yaliyochoka yanaweza kuchemka, mvuke ukajaa kwenye mabomba na kanyagio likazama hadi chini. Badilisha yote kila baada ya miaka 2, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine, na kwenye mteremko tumia gia ndogo. DOT 5 ni ya silikoni. Usiichanganye na hizi.

Nimeweka diski mpya, na baada ya muda usukani ukaanza kutetemeka nikifunga breki. Nimeuziwa diski mbovu?

Huenda diski haina kosa. Kabla ya kuirudisha dukani, itoe uangalie uso wa habu, kile kitovu cha gurudumu ambacho diski hukalia. Kutu kidogo iliyobaki pale inaikalisha diski upande, na mchepuko wa sehemu moja ya kumi ya milimita unatosha kuifanya ilike visivyo sawa mpaka usukani utikisike. Safisha habu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha kaza nati kwa kupishana, kwa spana ya kupimia nguvu. Kama diski imeshalika, ichongwe ikiwa bado iko juu ya MIN TH; ikiwa chini yake, nunua nyingine, lakini uisafishe habu kwanza.