Usifunge hiyo pinioni ya meno 23!

Mkuu, simama hapo hapo ulipo. Umesema gari lako la rimoti linainua pua kila ukigusa triga na kuangukia mgongo, na kwamba kesho unakwenda kununua pinioni (ile gia ndogo inayokaa kwenye mota) ya meno 23 utoe ile ya 18 "ili nguvu ipungue". Ukauliza pia habari za mafuta ya shokapu na tairi za vumbi. Hayo ngoja kwanza. Pinioni ya namna hiyo hiyo iliniunguzia mota na kidhibiti mwendo (kifaa kinachoipimia mota umeme) ndani ya siku moja.

Gari langu ni ndugu wa lako: linasukumwa na tairi za nyuma tu, matairi makubwa, mota isiyo na brashi ya KV 3500. Kwa betri ya LiPo ya seli 2 lilikuwa raha tupu. Nilipohamia seli 3 ndipo likaanza kupiga wili kutwa nzima, hadi watoto wa mtaani wakaliita bodaboda kwa sababu lilitembea kwa tairi mbili. KV ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo. Seli 2 zilizojaa ni volti 8.4, piga mara 3500 unapata 29,400. Seli 3 zilizojaa ni volti 12.6, unapata 44,100. Uzito wa gari haujaongezeka hata gramu za maana, lakini volti zimepanda kwa nusu nzima. Hapo ndipo wili inapozaliwa.

Nikaenda kwa muuzaji wa vipuri. Akaniambia kwa kujiamini: weka pinioni kubwa, gari litakuwa zito kuondoka, pua itatulia. Ubaya wa ushauri ule ni kwamba una ukweli ndani yake. Gia kubwa inayozungushwa na pinioni ikiwa na meno 86, kutoka pinioni ya 18 kwenda ya 23 kunapunguza msukumo wa tairi kwa karibu asilimia 22. Jioni ile kwenye lami gari lilitulia kweli. Nilimpigia simu kumshukuru.

Kitu ambacho hakuniambia ni hiki. Ili gari lisukume kwa nguvu ile ile, tuseme kwenye mchanga au majani, mota yenye pinioni ya 23 inabidi ikaze asilimia 28 zaidi, na umeme unaopita humo unapanda kwa kiasi hicho hicho. Joto la nyaya linapanda kuliko hapo, kwa sababu linafuata umeme ukizidishwa kwa umeme. Piga 1.28 mara 1.28, unapata kama 1.63. Yaani joto limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, kwenye kimota kinachoenea kiganjani, chini ya jua la Dar la saa saba mchana.

Siku ya pili tukaenda kiwanja cha mpira nyuma ya mtaa wetu, mimi na mwanangu wa miaka tisa. Majani yalikuwa marefu. Baada ya dakika kama kumi gari likaanza kulegea, nikadhani betri inaisha. Nikaweka betri nyingine iliyojaa bila hata kugusa mota kwa kidole. Mkuu, kidole tu kingeniokoa! Dakika tatu baadaye ikaja harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi ukatoka kwenye kidhibiti mwendo. Sumaku za ndani ya mota zikizidiwa na joto hupoteza nguvu, na mota yenye sumaku dhaifu huvuta umeme mwingi zaidi kwa kazi ile ile, kwa hiyo kidhibiti kikabeba mzigo usio wake. Mwanangu akauliza, "Baba, limekufa?" Laki nne na ushee, na wiki sita za kusubiri mzigo.

Nilimrudia yule muuzaji. Akasema nilipaswa kufunga feni. Feni! Na alikuwa nayo pale mezani, tayari kuniuzia. Hakuwahi kuniuliza natumia betri ya seli ngapi wala nachezea wapi. Bado nina hasira naye hadi leo.

Kwa hiyo nguvu ipunguze kwenye umeme, kabla haijafika kwenye mota. Usiipunguze kwenye pinioni. Rudi seli 2 kwanza. Ukitaka kubaki na seli 3, ingia kwenye mipangilio ya kidhibiti mwendo ushushe panchi, yaani ukali wa kuondoka. Kasi ya mwisho inabaki, pua inatulia. Kama rimoti yako ina kikomo cha triga, anza na asilimia 70. Wenye gari la rimoti la Stampede VXL wana modi ya mafunzo inayokata triga hadi nusu, na haiwagharimu kitu. Mimi nilifunga kidhibiti kipya, nikarudisha pinioni ya 18, nikashusha panchi hadi karibu na mwisho, na gari linaondoka kama gari.

Klachi ya kuteleza, ile inayoacha gia kubwa iteleze kidogo mota ikivuta ghafla, unaweza kuilegeza kidogo, robo mzunguko kwa mara moja. Itelezeshe wakati wa kuondoka tu. Ikilia mfululizo ujue pedi zinaungua. Betri isogeze mbele kama nafasi ipo. Vile vigurudumu vya nyuma vinazuia kupinduka, vifunge ukipenda.

Na tafuta kipimajoto cha infraredi. Mota ikifika nyuzi 80, mimi nazima na kukaa kivulini, hata mtoto anune.

Hiyo pinioni kama umeshailipia, irudishe kabla hujafungua pakiti. Wakikataa kurudisha hela, waachie hapo hapo kaunta. Halafu njoo utuambie kidhibiti chako ni cha aina gani, nikuelekeze pa kubonyeza.