Ukisoma habari za vifaru, anza na injini

Vijana wanaopenda historia ya Vita Kuu ya Pili huniuliza waanzie wapi kusoma kuhusu vifaru. Mimi ni fundi wa malori, kwa hiyo jibu langu halibadiliki: unene wa chuma na ukubwa wa mzinga viache kwanza, fungua boneti. Mimi mwenyewe Crusader, kifaru cha Waingereza, niliielewa hivyo.

Kwa karatasi ilipendeza. Tani 19 hivi, kimo kifupi, springi za mtindo wa Mmarekani Christie, na mbio kiasi kwamba baadhi ya madereva waling'oa gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo, ili ikimbie zaidi. Zilitengenezwa 5,300 na ushei.

Sasa tazama nyuma. Injini ni Liberty, silinda 12, nguvu farasi 340, uzao wa injini ya ndege ya Vita Kuu ya Kwanza. Feni zake zilizungushwa kwa cheni, na pampu za maji zilivuja hovyo. Filta za hewa nazo ziliwekwa nje, nyuma, juu ya minyororo ya kutembelea, palepale vumbi linapotimka! Aliyewahi kukung'uta filta ya lori la barabara ya vumbi ataguna. Mchanga ukiingia ndani, ringi zinasagika, injini inakula oili, mwishowe inachemsha. Ndiyo maana Juni 1941, kwenye shambulio la Battleaxe mpakani mwa Misri na Libya, Crusader nyingi zilikwama kwa ubovu tu, bila kuguswa na adui.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye mzinga. Ule wa kwanza, milimita 40, ulipewa risasi za chuma kitupu zisizolipuka. Kwa kifaru cha adui sawa, lakini utafanya nini na Wajerumani waliojificha mbali wakiwa na mzinga wao wa milimita 88? Toleo la tatu lilipata mzinga wa milimita 57 mwaka 1942, likapigana El Alamein, ila kufikia hapo vifaru vya Marekani, Grant na Sherman, vilikuwa vimeshaanza kubeba mzigo.

Kwa hiyo mtu akikwambia Crusader ilikuwa mbovu au nzuri, muulize: toleo lipi, mwezi gani, karakana ilikuwa umbali gani? Na picha za Ulaya za 1944 usizipite haraka. Utaikuta imevuliwa kichwa chenye mzinga, inavuta mzinga wa pauni 17 (hesabu ya uzito wa risasi yake), kazi iliyoifaa kuliko ile iliyoundiwa.