Uliza Anti: Sadfa, ishara, au akili yangu tu?

Mwezi huu mmenikalia kooni na mada moja jamani. Karibu kila meseji ninayofungua inauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti, jambo limetokea, limegongana na jambo lingine, je kuna mkono nyuma yake au ndo hivyo tu. Nimechagua nne, wengine mtajiona humo humo.

Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili. Miaka tisa iliyopita niligombana na rafiki yangu wa tangu shule, kisa chenyewe cha kijinga hata naona aibu kukisema, tukanuniana mpaka leo. Majuzi asubuhi napanga vitabu, nikafungua kimoja ikadondoka picha yetu, tumevaa sare tunacheka. Nilikaa sakafuni nikalia. Jioni hiyo hiyo nimepanda basi, dada mmoja akakaa pembeni yangu tukaanza stori, kumbe ni mdogo wake wa mwisho, yule niliyekuwa nambeba mgongoni! Sikumtambua kabisa mpaka aliposema kwao ni wapi. Mwenzangu kazini anasema ulimwengu umeniongelesha, mume wangu anasema ni bahati tu niache kujipa presha. Anti, hii ni ishara kwamba nimtafute?

Marahaba mwanangu. Mtafute. Ila usimtafute kwa sababu ya basi, na hapo naomba univumilie maana nitazunguka kidogo.

Mumeo ana hoja kuliko anavyojua mwenyewe. Kuna hesabu moja napenda sana kuwachokoza nayo watu: chukua watu 23 wowote waweke chumba kimoja, uwezekano wa kupata wawili waliozaliwa tarehe moja unapita nusu, ni kama asilimia 50.7. Watu wanakataa, wanasema mwaka una siku 365 bwana we unasema nini, lakini wanasahau kwamba hatutafuti mtu aliyezaliwa siku moja na WEWE, tunatafuta wawili wowote, na watu 23 wanatoa jozi 253. Sasa wewe siku ile ungeweza kukutana na mdogo wake, au mama yake, au mwalimu wenu, au mtu mwenye jina lake, au ukapigwa wimbo mliokuwa mnaupenda, na chochote kati ya hivyo kingetokea ungeniandikia barua hii hii na mshangao huu huu.

Halafu kuna hesabu nyingine imebeba jina la Littlewood, mwanahesabu wa Cambridge. Tuseme ukiwa macho na akili imetulia unaona au kusikia jambo moja kila sekunde, saa nane kwa siku. Ndani ya siku 35 umeshapitiwa na mambo milioni moja. Kwa hiyo lile jambo la "mara moja katika milioni" unastahili kukutana nalo kila baada ya mwezi na ushee, bila malaika yeyote kutumwa.

Na sisi wenyewe tumefungamana kuliko tunavyodhani. Miaka ya 1960 kule Marekani Stanley Milgram alifanya jaribio, watu walipewa kazi ya kumfikishia ujumbe mtu mmoja wa Massachusetts wasiyemjua, kila mmoja anampa tu mtu anayefahamiana naye anayedhani yuko karibu zaidi na mlengwa. Zilizofika zilipita mikononi mwa watu watano hivi kwa wastani, ndo ikazaliwa ile habari ambayo kila mtu anaisema, kwamba kati ya mtu yeyote na mwingine kuna hatua sita tu za kufahamiana. Lakini waliopewa kazi hiyo kwenye jaribio moja walikuwa 296 na zilizofika ni 64 tu! Hizo nyingine ziliishia njiani na hakuna anayezihadithia. We mwenyewe umesema hukumtambua yule mdogo mtu, yaani msingeanzisha stori ungeshuka kituo chako ukaenda zako. Sasa umepanda mabasi mangapi miaka tisa hii na simu usoni? Wahenga walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana, hawakusema hukutana na kutambuana.

Hapo nimemaliza na mumeo. Sasa mwenzako wa kazini.

Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi, ndiye aliyeipa sadfa ya namna hii jina, sinkronisiti, maandishi yake makubwa juu yake yalitoka 1952. Alisimulia kwamba alikuwa na mgonjwa mwanamke, msomi, mbishi, kila kitu anakipitisha kwenye akili tu, matibabu yakagoma. Siku moja anamsimulia daktari ndoto yake, amepewa kito cha dhahabu chenye umbo la mbawakawa, yule mdudu waliyemtukuza Wamisri wa kale. Jung amekaa kaupa mgongo dirisha, akasikia kitu kinagonga kioo nyuma yake. Akafungua, akadaka mdudu, ni mbawakawa anayeng'aa kijani cha dhahabu, akampa mama wa watu akamwambia huyu hapa mdudu wako. Yule mama ubishi ukapasuka, matibabu yakaenda.

Jung aliamini kuna kitu zaidi ya hesabu pale. Mi sijamfuata mpaka huko, mdudu yule ni wa kawaida Ulaya wakati wa joto, na daktari aliyesikiliza ndoto za watu miaka na miaka lazima kuna siku moja dirisha litagongwa. Lakini angalia mdudu alifanya kazi gani. Hakumletea yule mama habari yoyote mpya. Alifungua tu mlango ambao mwenyewe alikuwa ameshaushikilia kitasa, si ndo maana alikuwa kwa daktari?

Sasa rudi kwenye barua yako mwanangu, soma mpangilio wake. Picha ilidondoka asubuhi. Ukakaa sakafuni ukalia. Basi lilikuja jioni. Kilio kilitangulia! Jibu ulikuwa nalo pale sakafuni, na basi lingekuletea mtu baki ungekuwa nalo vile vile. Namba ya mdogo wake natumaini ulichukua. Na ukimpata huyo rafiki tafadhali usianze na habari za ulimwengu umesema hivi na vile, anza na samahani, hayo mengine mtacheka nayo baadaye.

Anti mambo vipi. Mi kijana wa miaka 26. Karibu miezi miwili sasa kila nikiangalia simu ni 11:11. Usiku mchana, hadi naogopa. Nimesoma sehemu kwamba hiyo namba ni njia kufunguka, nikajua tu ni hii kazi yangu, nataka kuiacha mwisho wa mwezi. Unasemaje?

Poa kaka. Unaangalia simu mara ngapi kwa siku? Usinijibu, najua. 10:47 umeiona mara ngapi? Hujui, maana ikipita haiachi alama. Hiyo kitu ina jina hata, mwanaisimu wa Marekani Arnold Zwicky mwaka 2005 aliita kwa Kiingereza jina lenye maana ya udanganyifu wa kujirudia: jambo likishakugusa mara moja jicho linaanza kuliwinda, na kila likilipata akili inapiga muhuri "si unaona!", yale mengine yote yanamwagika chini. Ni kama mjamzito anavyoona wajawazito kila kona, hawajaongezeka, yeye ndo amebadilika.

Jaribu hivi, wiki mbili, kila ukiangalia saa andika dakika uliyoikuta, ZOTE, sio ile tu. Halafu tuongee. Kuhusu kazi, mbona hukuniambia ina shida gani? Barua nzima hakuna bosi mkorofi, hakuna mshahara kuchelewa, kuna namba tu. Kama unataka kuacha kwa sababu zako ziandike zionekane, ukiacha kwa sababu ya saa basi siku utakayokwama hutakuwa hata na mtu wa kumlaumu. Na kama huo woga unakunyima usingizi, au umeanza kuona kila namba inakusema wewe, nenda kaongee na daktari, sio aibu.

Anti, kuna mwalimu mmoja anafundisha kozi mtandaoni, anasema sayansi ya kwanta imethibitisha kila kitu kimeunganika, kwa hiyo mawazo yako yanavuta mambo yaje kwako, na kwamba hakuna sadfa. Nimeshalipa awamu ya kwanza. Ni kweli?

Awamu ya pili usilipe.

Nikueleze kwa nini, maana kaanza na kweli halafu akakata kona. Kwanta ni sayansi ya vitu vidogo kabisa, na humo chembe mbili ndogo sana zinaweza kufungamana, ukipima moja, majibu ya mwenzake yanaendana nayo hata zikiwa mbalimbali, tena kwa kiasi ambacho haiwezekani kusema tu kwamba zilipanga majibu kabla ya kuachana. John Bell ndiye aliyeonyesha mwaka 1964 jinsi jambo hilo linavyoweza kupimwa, na Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger wakapata Nobel 2022 kwa majaribio ya aina hiyo. Mpaka hapo mwalimu wako yuko sawa. Ila nadharia hiyo hiyo inasema huwezi kutumia mfungamano huo kupeleka ujumbe, hata neno moja, sembuse kuagiza gari. Na mfungamano wenyewe ni mwepesi kuharibika kama utando, joto kidogo tu umekwisha, ndo maana kwenye maabara wanahangaika kuulinda.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kuungana kwa vitu kupo, tena kwa ajabu kuliko hiyo anayoiuza. Kaskazini mwa Chad kuna bonde linaitwa Bodélé, zamani lilikuwa sehemu ya ziwa kubwa mno, sasa ni vumbi, na vumbi lenyewe lina mabaki ya vijidudu vya majini vilivyokufa maelfu ya miaka iliyopita. Upepo unalizoa, linachanganyika na vumbi la pande nyingine za Sahara, linavuka Atlantiki nzima. Wanasayansi walipima kwa satelaiti kuanzia 2007 hadi 2013 wakakuta wastani wa tani milioni 27.7 kwa mwaka zinaangukia bonde la Amazon, ndani yake fosforasi, ambayo ni mbolea kwa mimea, kama tani 22,000, karibu sawa na ile ambayo mvua na mito inaisomba kutoka kwenye udongo wa msitu ule. Yaani ziwa lililokufa linalisha msitu wa bara lingine, na hakuna aliyewaza chochote, hakuna aliyevuta kitu. Mi nikisoma mambo kama haya nakaa kimya dakika kadhaa. Chuma kilicho kwenye damu yako hivi sasa unavyosoma kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua halijawepo, na hiyo hulipii awamu.

Ila ona tofauti: vumbi linafika kwa sababu kuna upepo, kuna njia, unaweza kuifuata hatua kwa hatua. Mtu akikuambia vitu vimeunganika muulize kwa njia gani, akikunjakunja maneno shika pochi yako.

Shikamoo anti. Baba yangu amefariki mwezi uliopita, usiku. Asubuhi tukakuta saa yake ya mezani imesimama, na muda ulioandikwa unakaribiana kabisa na ule aliofariki. Kaka yangu anasema betri. Mi sijaigusa. Nifanyeje nayo?

Marahaba, na pole sana mwanangu.

Hii nilikaa nayo. Baba yangu mimi alipoondoka, mwaka uliofuata nilijifungia nje ya nyumba, mvua inanyesha, nimevaa koti lake la zamani, natia mkono mfukoni nakuta karatasi kwa mwandiko wake: usisahau funguo. Alijiandikia mwenyewe, alikuwa msahaulifu kama mimi. Najua hakunitumia. Na nililia pale mlangoni kama mtoto.

Kuna mwanafizikia, Richard Feynman, mke wake Arline alifariki mwaka 1945 kwa kifua kikuu, saa ya pale chumbani ikasimama 9:21, muda ule ule ulioandikwa kwenye cheti cha kifo. Feynman hakukubali kutishika. Saa ile ilikuwa mbovu, ameitengeneza mwenyewe mara kadhaa, akafikiri lazima nesi aliinyanyua ili asome muda aandike, ikatikisika ikagoma. Kaka yako angempenda sana huyo bwana.

Lakini mwaka uliofuata, Oktoba 1946, Feynman huyo huyo alikaa akamwandikia barua mke wake marehemu, anamwambia anampenda, anamweleza maisha yalivyo bila yeye, na mwishoni kabisa akamwomba radhi kwamba hataiposti kwa kuwa hajui anwani yake mpya. Akaifunga kwenye bahasha, ikafunguliwa baada ya yeye mwenyewe kufariki, 1988.

Kwa hiyo inawezekana kaka yako ana haki kuhusu betri na wewe una haki kutoigusa, msigombane. Iache hapo hapo. Siku utakayoitazama ukajikuta unataka tu kujua ni saa ngapi, tia betri. Karatasi yangu iko kwenye droo ya jikoni, na wiki iliyopita nimejifungia nje tena.