Stempu za wanamichezo wenye ulemavu: ya kwanza niliiharibu mwenyewe

Mleta mada umeuliza kama stempu zenye wanamichezo wenye ulemavu zipo za kutosha kujaza albamu, na mtu aanzie wapi. Zipo, mkuu. Nazikusanya hapa Tanga mwaka wa kumi na ushee huu, na nilianza kwa hasara.

Mwishoni mwa 2012 binamu yangu aliyekuwa Leicester aliniandikia barua. Bahasha ilikuwa na stempu mbili: Sarah Storey wa baiskeli, na David Weir wa mbio za viti vya magurudumu. Kichwa cha malkia kipo, jina la nchi hakuna, maana Uingereza huwa haijiandiki kwenye stempu zake. Nikafanya alivyonifundisha marehemu baba: nikakata kipande chenye stempu ya Storey, nikakitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Nusu saa, kimya. Saa nzima, vilevile. Nikaingiza ukucha. Picha ikachunika kama ngozi ya nyanya, chini ikabaki karatasi nyeupe. Kumbe zile ni za kunata kama stika, na gundi yake haisikii maji. Weir nikamkata na karatasi yake, nikaacha kama nusu sentimita kila upande. Hivyo ndivyo alivyo hadi leo, muhuri unasomeka vizuri. Nawe fanya hivyo.

Seti hiyo ndiyo ningekushauri uanze nayo. Posta ya Uingereza ilikuwa imeahidi stempu kwa kila dhahabu ya Olimpiki ya London, lakini kwa Paralimpiki, yaani michezo kama hiyo ya wanamichezo wenye ulemavu, mpango wa kwanza haukuwa hivyo. Watu wakalalamika, na mpango ukabadilishwa kabla michezo haijaanza. Timu ikaleta dhahabu 34, zikatoka stempu 34. Storey na Weir walishinda nne nne, kwa hiyo kila mmoja utamkuta mara nne. Jina la mshindi limeandikwa, na mchezo wake pia.

Hilo la jina si dogo. Za zamani nyingi zina mtu asiye na jina. Israeli walitoa ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu mwaka 1968, Paralimpiki ilipofanyika Tel Aviv. Ujerumani Magharibi wakatoa ya mpiga upinde aliyekaa kwenye kiti mwaka 1972, michezo ya Heidelberg. Hii ya Heidelberg naipenda kwa mchoro, mistari michache tu na uta umevutwa, lakini huyo mpiga upinde ni nani? Anaweza kuwa yeyote.

Sisi wenyewe 1981, Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, tulimtoa mtu anayejulikana: mzee Morris Nyunyusa na ngoma zake, yule asiyeona ambaye ngoma zake zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Najua, si mwanamichezo. Mimi nimemweka ukurasa wa kwanza hata hivyo, na albamu ni yangu.

Tahadhari moja. Utakutana na vikaratasi vinang'aa vya Paralimpiki vyenye majina ya nchi za Afrika, bei juu. Vingi hutengenezwa na mawakala kwa ajili ya wakusanyaji, havijawahi kuonekana kwenye dirisha la posta ya nchi hiyo. Kabla hujatoa hela tafuta kimoja chenye muhuri wa barua iliyosafiri kweli. Ukikosa, achana nacho.

Nami nina ombi. Namtafuta Henry Wanyoike wa Kenya, yule asiyeona aliyeshinda mita 5,000 kule Sydney 2000 huku akimkokota mkimbiaji wa kumwongoza, aliyeishiwa nguvu kabla ya mstari wa kumalizia. Sijawahi kuikuta stempu yake. Mwenye nayo aweke picha hapa, mbele na nyuma.